Kiroba cha Thelathini na Mbili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Mama umpe kabla hujaendelea, maana najua yuko hapo pembeni na ameshauliza mara tatu barua imetoka kwa nani. Naomba kujua nyonga yake inaendeleaje tangu aanze kutembezwa. Je, amekubali kushika fimbo, au bado anasema fimbo ni ya wazee? Mwambie nimesema aache ubishi, na kwamba binti wa miaka sabini na mmoja haruhusiwi kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima wa mwili.

Utashangaa kuandikiwa barua siku hizi za simu. Sababu ni kwamba simu yako haina siri hata kidogo. Mama anataka isikike chumba kizima, akisikia nusu anauliza nusu nyingine, na akiipata yote presha inapanda. Tena mimi kwenye simu ni mwoga, nawe wajua. Ukinikatiza mara moja tu nitahamia habari za mvua. Kwa hiyo barua hii naipeleka kwa mpangaji wenu wa chumba cha mbele, ambaye anakuja huko kesho alfajiri kununua vitambaa vyake, na nimemwomba akupe mkononi. Ukifika hapa mwambie Mama kwamba nawasalimu wote, kisha ingia chumbani, funga mlango, usome yaliyobaki peke yako.

Dada, mume wako haendi kazini. Leo ni siku ya kumi tangu asimamishwe. Yeye mwenyewe ni mzima, hajaumia, usishtuke. Lakini yale anayokusimulia kila jioni, kwamba leo wamepaka grisi gurudumu kubwa, leo mtoto fulani amegoma kushuka kwenye farasi wa kuzunguka, yote anayatunga akiwa amekaa sebuleni kwenu. Anasema wewe una mgonjwa wa kutosha, hahitaji kukuongezea. Alhamisi, saa nne asubuhi, anaitwa mbele ya kamati ya leseni. Wakimwona ana hatia watamnyang'anya leseni ya kuhudumia mitambo inayobeba watu, na kwa umri wake, baada ya miaka ishirini na miwili, hakuna mwingine atakayempa kazi hiyo hata ya kufunga nati.

Ili uelewe ilikuwaje, lazima nirudi nyuma kidogo, na najua utapumua kwa nguvu kwa sababu nitaanza tena habari za bembea. Vumilia. Wewe ndiye uliyeniita Mama Bembea nilipoacha kozi ya ukatibu ili nikakate tiketi getini, na jina likanigandama. Ulisema mtu mzima anayepanda treni inayorudi pale pale ilipotoka ana walakini. Nikakujibu kwamba hata maisha yanarudi pale pale, ila hayana mkanda wa kujifunga. Ulicheka siku ile, nami nikahesabu kuwa nimeshinda.

Bado naamini niliyokuwa nakwambia. Anayetaka kuujua uwanja wa bembea asiangalie mitambo kwanza, aangalie foleni. Kama watu wamesimama juani saa nzima bila kivuli na bila mtu wa kuwaambia wamebakiza muda gani, hapo mwenye uwanja anapenda tiketi, hapendi watu. Halafu aende chooni. Uwanja wenye choo kichafu hata boliti zake siziamini, kwani anayeshindwa kumwaga maji atawezaje kupanda mita thelathini kukagua kitu kisichoonekana? Na aje asubuhi, tena siku ya mawingu, asile kwanza, aanzie mitambo ya nyuma wakati wenzake wote wamejazana ile ya mbele. Akae behewa la mwisho. Wajinga hugombania la mbele kwa sababu wanaona mbali, lakini la mwisho ndilo linalovutwa na mengine yote, ndilo linalokutoa roho.

Nilipopandishwa cheo nikawa msimamizi wa zamu, nikajifunza upande wa pili. Pale kwetu hakuna mfanyakazi anayekimbia. Hata iwe nini, mwenye sare anatembea, kwa sababu mgeni akimwona mwenye sare anakimbia naye atakimbia, na hajui anakokwenda. Hatusemi mtambo umeharibika, tunasema unapumzika. Na hakuna mtu, hata Bosi mwenyewe, anayepanda treni asubuhi kabla fundi hajaweka sahihi. Hiyo ni sheria ya mume wako, na aliilinda kuliko anavyoilinda ile redio yake mbovu.

Ile treni kubwa, inayokokotwa na mnyororo juu ya mlima wa chuma kisha ikaachiwa, sisi tunaiita Mama Mkwe. Shemeji ndiye aliyeipa jina. Alisema huisogelei bila heshima, inanung'unika ikipanda, na hujui itakufanyia nini ikishuka. Usimwambie Mama. Ina mabehewa manane, kila behewa viti viwili. Kila asubuhi Shemeji hupakia viroba viwili vya mchanga kwenye kila kiti mahali pa mtu, vyote thelathini na viwili, akapanda kwenye kibanda chake, akaizungusha mara tatu. Vikishuka vinahesabiwa, vinarudi stoo, ndipo anaweka sahihi na geti linafunguliwa. Miaka yote hiyo hesabu haikuwahi kupungua hata kiroba kimoja.

Sasa Jumamosi ile. Shule zilikuwa zimefungwa, foleni imefika hadi nje ya uzio kabla ya saa tatu. Saa sita kasoro nilikuwa getini nikimtuliza baba mmoja aliyedai mwanawe amefikisha kimo kinachotakiwa, wakati mtoto amesimama kwa ncha za vidole. Redio ya mkononi ikakoroma. Kijana wa jukwaani akasema Mama Mkwe amekataa kusimama. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana.

Kutoka getini hadi jukwaani ni hatua mia nne na kitu. Nilizitembea zote. Nilimpita muuza maputo nikamwitikia salamu. Mama mmoja aliniuliza choo kiko wapi, nikasimama, nikamwonyesha kwa mkono, nikatabasamu. Mgongo wote ulikuwa umelowa jasho. Redioni kijana anaendelea kusema kuna mtu ameanguka, kuna mtu ameanguka, nami namjibu taratibu kwamba bonyeza kitufe chekundu, usimfungulie mtu yeyote, nakuja. Dada, sijawahi kuogopa namna ile, na sikuwa nikiogopa ya redioni peke yake. Nitakueleza.

Kilichotokea ni hiki. Treni ilirudi kama kawaida, ikapunguza mwendo, vile vyuma vya mapajani vikafunguka, watu wakaanza kuinuka. Lakini breki hazikushika sawasawa. Treni ikaserereka, ikapita jukwaa, mabehewa mawili ya mbele yakaanza kukanyaga mlima ndipo mnyororo ukayadaka. Watu kumi na sita, vyuma viko wazi, na mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa ameshatoa mguu nje akatupwa kwenye ukingo wa jukwaa. Kifundo cha mkono kilivunjika. Wanafunzi wake walikuwa wanalia. Shemeji alishafika kabla yangu, amelala kifudifudi juu ya reli, akikaza kabari kwa nyundo ili treni isirudi nyuma, huku akiwatania abiria kwamba leo wamepata mzunguko wa bure lakini wasiwaambie wenzao. Tuliwateremsha mmoja mmoja. Ilichukua dakika arobaini. Hakuna mwingine aliyeumia.

Mkaguzi alikuja jioni ile ile, mtu mkimya mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akashuka kwenye shimo la breki chini ya jukwaa, akatoka ameshika ganda la kiroba limechanika. Kilikuwa kimenasa kwenye mikono ya breki, na kila treni ilipopita ilikisugua na kuumwaga mchanga pale chuma kinaposhika chuma. Tangu saa tatu asubuhi breki zilikuwa zinatafuna mchanga. Wakaenda stoo, wakahesabu viroba: thelathini na kimoja. Wakafungua daftari la asubuhi: thelathini na viwili, sahihi ya mume wako.

Bosi akamuuliza nani alihesabu. Nilikuwa nimesimama pale pale, mkono wangu umeshika mlango wa stoo. Shemeji akasema amehesabu yeye. Hakunitazama. Bosi akamuuliza tena, polepole, kana kwamba anampa nafasi ya kukumbuka. Akasema ni yeye, peke yake, na pengine macho yameanza uzee.

Si kweli, Dada. Asubuhi ile yeye alikuwa anakagua magurudumu, akaniomba nimsaidie kuhesabu viroba ili geti lisichelewe. Mimi ndiye niliyemtajia thelathini na viwili, naye akaandika kwa sababu ni mimi.

Jioni nilimfuata kwenye maegesho nikiwa sijui nitasema nini. Akanitangulia. Akasema kosa la kuhesabu linaweza kumpata yeyote, asubuhi ilikuwa ya haraka, na mimi bado kijana, nikifukuzwa sasa sitapata uwanja mwingine maisha yangu yote, wakati yeye amebakiza miaka mitatu tu apumzike. Akasema pia kwamba siku mnaoana, baba yetu hakumkabidhi wewe tu, alimkabidhi na huyu mwenye kichaa cha bembea. Akanipiga kofi dogo la begani, akapanda baiskeli yake. Nikamwacha aende.

Siku nane nzima nikanyamaza. Nilikwenda kumwona mwalimu nyumbani kwake, mkono una plasta hadi kwenye kiwiko. Alinikaribisha vizuri mno. Akanishukuru, fikiria, akanishukuru! Alisema pale chini, kabla hajajua amevunjika wapi, aliinua macho akaniona nakuja kwa mwendo wa kawaida, akawaambia watoto wake kwamba tazameni, yule dada anatembea, hakuna hatari. Nilikunywa chai yake, nikaondoka.

Sasa nakuomba ukae kitandani kama umesimama.

Sikukosea kuhesabu. Nilihesabu vizuri sana, mara mbili, na mara zote mbili vilikuwa thelathini na kimoja.

Unalijua daftari langu la mizunguko, lile lenye jalada la kijani ambalo watoto wako hulicheka. Mama Mkwe nilikuwa nimempanda mara mia tisa tisini na tisa. Mwaka huu Bosi alipiga marufuku wafanyakazi kupanda wakati wa wageni, baada ya watu kulalamika kwamba tunawakalia viti. Na Jumatatu iliyokuwa inafuata, Mama Mkwe alikuwa anafungwa miezi mitatu apakwe rangi na kubadilishwa reli. Nikajiambia nikiikosa Jumamosi nimeikosa. Mtu mwenye akili angesema miezi mitatu si mwaka. Mimi sikuwa na akili, nilikuwa na namba.

Shemeji alipomaliza kupakia akapanda kibandani. Ukiwa kule juu nguzo ya paa inakufichia behewa la mwisho, nami nalijua hilo vizuri kwa kuwa nimefanya kazi humo. Nikaburuta viroba viwili kutoka kiti cha mwisho, nikaviweka ukingoni mwa jukwaa, nikakaa mahali pake, nikavuta chuma mapajani, nikainama. Nikapanda mara ya elfu moja katikati ya mchanga. Siwezi kukudanganya kwamba sikufurahia. Tulipofika kileleni jua lilikuwa linatoka, hakuna mtu uwanja mzima, nikaachama kinywa kama mtoto.

Treni iliposimama nilikuwa na nusu dakika ya kurudisha viroba kabla ya mzunguko wa pili. Cha kwanza nikakirudisha. Cha pili kikaniponyoka, kikapita kwenye mwanya kati ya behewa na jukwaa, na nikasikia kikipasuka kule chini. Mlango wa kibanda ukafunguka. Shemeji akauliza kutoka juu kama kila kitu kiko sawa huko, nikamjibu kiko sawa. Nilipanga kwamba mchana mtambo ukipumzika nitashuka shimoni kimyakimya nikakitoe. Nilijiambia ni mchanga tu, nao uko chini, utadhuru nini? Mimi, ninayewafundisha wageni waogope choo kichafu.

Ndiyo maana zile hatua mia nne zilikuwa nzito. Redio iliposema neno la kwanza tu, nilishajua ni nini.

Kwa hiyo mume wako anabeba kosa asilolijua. Anadhani ananisitiri kosa la kuhesabu, kumbe ananisitiri uongo. Jumapili nilikwenda kwenu nikamkuta anapiga pasi ovaroli yake. Ananyoosha mikunjo ya nguo ambayo haendi nayo popote, kisha kila asubuhi anaivaa, anatoka nayo kwa baiskeli ili majirani wasiulize, anarudi kwa njia ya nyuma. Nilikwenda nikiwa na maneno yote mdomoni. Alinikaribisha ugali wa jana, tukala, nikarudi nayo yote.

Jana Jumatatu sikupita kwenu kwanza. Nilikwenda ofisini kwa mkaguzi, nikaketi kwenye benchi tangu saa mbili, nikampa maelezo yangu ya kurasa nne pamoja na lile daftari la kijani, lenye tarehe, saa na namba ya kiti kwa mkono wangu mwenyewe. Aliyasoma yote mbele yangu. Akaniuliza jambo moja tu, kama kuna mtu amenilazimisha kuandika. Nikasema hapana. Akasema Alhamisi tuje wote wawili, na akanionya kwamba fundi naye bado ana la kujibu, kwa sababu ameweka sahihi kwa hesabu asiyoihesabu na kisha akatoa maelezo ya uongo. Mimi leseni yangu ya kuendesha mitambo nimeiacha mezani kwake. Kuhusu ile ya Shemeji hakuniahidi kitu.

Kutoka pale ndipo nikaenda kwa Shemeji. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Aliiacha pasi juu ya nguo mpaka nikamwambia itaunguza. Akaniuliza nilikaa behewa gani. Nikamwambia la mwisho. Akauliza upande gani. Nikamwambia kulia. Akakaa chini taratibu. Akasema asubuhi ile alikuwa bado hajakagua kufuli za behewa la mwisho, alikuwa ameliacha ili alikague baada ya mzunguko wa kwanza, na kufuli ya kulia ilikuwa na tatizo wiki nzima. Kisha akanipigia kelele, Dada. Miaka kumi na sita nimemjua mtu yule, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisema kama ingefunguka kule juu angekuandikia nini wewe. Alisema angemwambia nini Mama. Akalia, nami nikalia, halafu akaniambia niondoke, hawezi kunitazama kwa sasa. Tangu hapo simu zangu hapokei, na simlaumu.

Utaniuliza kwa nini nilianza na mkaguzi, mtu baki, badala ya kuanza na wewe uliyenilea. Ni kwa sababu najijua, na nakujua. Ningeanza na wewe ungelia, ungenitukana kidogo, kisha ungenisamehe, nami ningeuchukua ule msamaha wako nikarudi nao nyumbani kulala, na Alhamisi mume wako angeingia kwenye kamati ile peke yake.

Kwa hiyo sikuombi unisamehe. Naomba jambo moja. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie yeye, toka nje ya nyumba usimpe Mama nafasi ya kusikia, umwambie kwamba unajua yote, na aache kukutungia habari za kazini. Amechoka, Dada, na jana nilipokuwa naondoka nilimsikia kupitia mlangoni akijaribu sauti ya kukupigia jioni, anasema leo tumepaka grisi, anakohoa, anaanza upya.

Mama mpe salamu zangu bila hayo mengine. Watoto wabusu. Mungu awajalie afya, na nyonga ipone haraka ili urudi nyumbani kwako, unahitajika.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye Alhamisi saa nne atakuwa ameketi pale kabla yake.